Mbegu Iliyochoka

Hakuwa na shamba. Hakuwa na ng'ombe, mbuzi wala kuku, ingawa nusu ya maisha yake aliishi kwa kisu cha bucha. Hakuwa na mtoto. Hakuwa na magego upande wa kushoto, kwa hiyo alitafuna upande mmoja, taratibu, kama mtu anayefikiria jambo. Hakuwa na uwezo wa kunusa: pua alikuwa nayo, tena ya kuwatosha watu wawili, lakini tangu homa ile iliyomlaza msimu mzima haikumletea habari yoyote, si ya waridi si ya mzoga. Na tangu mkewe alipozikwa, hakuwa na machozi.

Hayo machozi watu waliyasubiri. Waliyasubiri makaburini, wakayasubiri nyumbani, wakamtazama kwa pembe ya jicho kila alipoinama. Yeye alikuwa anahesabu vijiko vilivyoazimwa. Waombolezaji walipoondoka, alivirudisha viti kwa wenyewe, akaenda chumba cha nyuma kunyunyiza maji, maana uyoga haujui msiba.

Mtaa mzima ulimwita Bucha. Jina lilibaki hata baada ya duka kufungwa. Alilifunga mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu, kwa sababu muuza nyama asiyenusa ni sawa na dereva asiyeona. Siku moja ataua. Alikaa nyumbani mikono juu ya magoti mpaka mkewe aliporudi kutoka kliniki ya watoto, alikokuwa akisaidia kupika, na habari mpya. Nesi wa pale alikuwa amewaambia akina mama kwamba uyoga, ukikaushwa na kusagwa, unamjenga mtoto ambaye kwao nyama huonekana kwa nadra.

"Wewe umezoea kuuza nyama," mkewe alimwambia. "Basi tutalima nyama isiyolia."

Walianza hivyo. Kazi waligawana bila kugombana. Yeye alikatakata mabua makavu, akayaloweka, akayachemsha ndani ya pipa uani, akayaacha yapoe, akayashindilia kwenye mifuko ya plastiki. Mke alishughulikia mbegu. Mbegu ya uyoga si punje ya kupanda kama ya mahindi. Ni nafaka iliyochemshwa, ikatiwa kwenye chupa safi, ikavalishwa utando mweupe ulio hai, mwororo kama pamba. Ukichukua nafaka chache za chupa hii ukazitia katika chupa nyingine, utando unahamia huko na kuijaza. Ukizitia katika mfuko wa mabua, utando unayala mabua gizani mpaka mfuko wote unakuwa mweupe, ndipo unautoa kwenye mwanga, unaupasua kidogo, unaunyunyizia maji, na uyoga unachungulia.

Mkewe alikuwa na sheria zake. Mikono ioshwe mpaka kwenye kiwiko. Mdomo wa chupa upitishwe kwenye moto. Mtu asiseme wala asihemee juu ya chupa iliyo wazi. Na sheria iliyozidi zote: mbegu isipite chupa ya tatu. Ikifika ya tatu, yote iingie mifukoni, na barua iandikwe kwa maabara ya mbegu kuomba mpya.

"Mbegu ni kama uvumi," alikuwa akisema. "Ikipita midomo mingi, haifanani tena na ilivyotoka."

Alipolazwa hospitali aliacha chupa kadhaa kwenye rafu, alizozitia mbegu kwa mkono wake. Aliporudishwa, alirudishwa amefunikwa shuka.

Bucha alizikuta chupa zile zimejaa weupe. Aliosha mikono mpaka kwenye kiwiko. Akapitisha midomo ya chupa kwenye moto. Akabana pumzi. Kutoka katika chupa zile akatengeneza nyingine, na kutoka katika hizo nyingine tena. Kila sheria aliitii isipokuwa ile moja, na hiyo hakuisahau. Kila ilipofika zamu ya kuandika barua alijiambia, mara hii tu. Ndani ya chupa mlikuwa na kitu kilichoguswa na mkono ule, na kitu hicho bado kilikuwa kinakula na kukua. Hakumwambia mtu. Hata kama angetaka kusema, asingejua aanzie wapi, kwani hakuhisi huzuni wala furaha; alihisi tu kwamba asubuhi lazima aende akaangalie kama utando umesogea.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuwa na mzaha wake wa kila siku, naye hakuuacha.

"Bucha! Leo umechinja wangapi? Hawajakupiga mateke?"

Zamani angejibiwa. Angeambiwa kwamba mmoja alitoroka, akaonekana ameketi kwenye kiti cha kinyozi ananyolewa vibaya. Sasa Bucha alisema, "Wachache tu," akapita. Kinyozi alibaki ameshika mkasi hewani. Mzaha usiporudishwa unamwaibisha aliyeutoa.

Kweli walikuwa wachache. Kwanza utando ulichelewa. Kisha uyoga ukatoka mmoja mmoja, shingo ndefu, kofia ndogo kama vifungo vya shati. Bucha aliulaumu ukavu, akatundika magunia yenye maji. Aliilaumu hewa, akatoboa tundu jingine ukutani. Aliyalaumu mabua, akabadilisha aliyekuwa akimletea. Alizunguka kila mahali isipokuwa pale penye kosa, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Siku ya kupima watoto alipeleka kikapu kliniki kama kawaida. Nesi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali, alichungulia ndani. Uyoga ulikuwa umefunika chini tu.

"Mzee wangu," alisema, "hiki ni kikapu au umeniletea salamu?"

"Wiki ijayo kitajaa."

"Wiki jana ulisemaje?"

Bucha aligeuza macho pembeni. Kwenye benchi, mama mmoja alikuwa amewapakata mapacha, kila goti na wake. Mmoja alikuwa anatafuna ncha ya kitambaa. Mwingine alitazama tu, hana haraka ya kitu chochote.

Nesi alishusha sauti, jambo ambalo halikuwa tabia yake. "Yule mama nimemfundisha mwenyewe kuchanganya unga wa uyoga kwenye uji. Uzito umeanza kupanda. Sasa nikimwambia leo upo, kesho haupo, ataacha kuniamini hata kwa mambo mengine. Kama umeshindwa, sema. Si aibu. Nitawapangia maharage, tutasagasaga, tutajua la kufanya. Kinachoniua ni hii wiki ijayo, wiki ijayo."

"Sijashindwa."

"Haya. Basi nakupa nafasi ya mavuno ya mara moja. Yasipofika, nawabadilishia."

Bucha alirudi nyumbani akafanya kitu ambacho hakuna mkulima wa uyoga mwenye akili timamu angekifanya. Alichukua karibu mbegu yote iliyokuwa kwenye rafu na kuimwaga katika mifuko, maradufu ya kipimo cha kawaida, akiamini kwamba iliyo dhaifu ikiwa nyingi itakuwa na nguvu. Akajaza chumba cha giza hadi darini. Akafunga mlango.

Utando ulianza, ukafika katikati ya mifuko, ukasimama. Na mabua yaliyochemshwa ni chakula kilichoandaliwa mezani: aliyealikwa akichelewa, asiyealikwa ataketi. Pembeni mwa mifuko pakatokea madoa ya kijani. Bucha aliyaona kwa tochi. Akayakata kwa kisu, akapaka chokaa, akafunga mlango tena. Chini ya mifuko maji yalikuwa yamechacha, lakini hilo lilihitaji pua, na pua ya nyumba ile ilikuwa imezikwa.

Wateja wa kinyozi walianza kukaa na leso usoni. Kinyozi, ambaye mzaha ulikuwa umemwishia, alimtumia ujumbe shemeji yake Bucha.

Shemeji huyu alikuwa mdogo wa kike wa marehemu, fundi cherehani, utepe wa kupimia shingoni saa zote na ulimi mkali kuliko sindano yake. Alifika mchana, akafungua mlango wa chumba cha giza, akarudi nyuma hatua tatu nzima.

"Shemeji! Umeficha maiti humu?"

Neno lilipokwisha kutoka akaweka kiganja mdomoni. Walitazamana.

"Nisamehe," alisema.

"Hakuna neno."

"Ulimi huu utanipeleka pabaya."

"Hakuna neno, nimesema. Kunanuka sana?"

"Kunanuka?" Alijifunga kitambaa puani. "Shemeji, kunanuka kama soksi za jeshi zima, limerudi vitani, limeshindwa."

Aliingia. Alinyanyua mfuko mmoja mmoja, akausogeza usoni, akauweka chini. "Umechacha. Umechacha. Huu umeoza kabisa. Huu umechacha." Alifika ukutani, akageuka. "Mbegu umeitoa wapi?"

"Ni ya hapahapa."

"Ya hapahapa ipi? Dada hakuandika barua tangu alipo..." Alitazama rafu, zilipobaki chupa chache zenye utando wa rangi ya maziwa yaliyolala. "Hii ni chupa ya ngapi?"

Bucha alipangusa ukingo wa rafu kwa kidole.

"Nauliza, ya ngapi?"

"Sijahesabu."

"Wewe? Wewe uliyehesabu vijiko vya msibani mpaka ukamrudisha shangazi njiani kwa ajili ya kijiko kimoja?"

Bucha alisogeza mfuko kwa mguu, ukae sawa na wenzake.

"Dada mwenyewe angeitupa hii," alisema shemeji. "Tena angeitupa huku anaimba."

"Najua."

"Unajua?"

"Sheria yake naijua. Nimeisikia kila msimu."

"Sasa kwa nini?"

Alifikiri kwanza, maana alitaka kujibu sawasawa. Alitafuta ndani yake jibu la kweli, akapata moja tu, dogo.

"Ilikuwa bado inaota," alisema.

Shemeji alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Kitambaa alikuwa amekishusha kutoka puani, anafutia macho, na utepe wa kupimia ulikuwa unatikisika kifuani. Bucha alimtazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha upande mwingine wa kioo.

"Nikuletee maji?"

"Sitaki maji! Nataka ulie, mwanamume wewe. Mara moja tu. Nikuone."

"Sina."

"Huna nini?"

"Sijui. Sina tu. Ningekuwa nayo ningekupa."

Alilisema bila uchungu, vile alivyokuwa akimwambia mteja dukani kwamba maini yamekwisha. Shemeji alimtazama, akacheka katikati ya kilio, akapenga kamasi, akasimama, akakunja mikono ya blauzi. Wote wawili wakaanza kutoa mifuko.

Waliibeba mpaka shimo la takataka nyuma ya ua, wakaipasua, wakafukia. Kazi ile ilimaliza mchana. Hawakuzungumza, isipokuwa shemeji aliposema kwamba akirudi nyumbani mumewe atamlaza nje na mbwa, na mbwa atakataa. Chumba kilipobaki kitupu, alinyoosha mkono kwenye rafu ya chupa.

"Chupa niachie," alisema Bucha.

"Shemeji, kule kliniki kuna watoto wanakungoja."

"Nimesema niachie mimi."

Shemeji alidhani anataka kuzihifadhi. Alirudisha mkono, akatoka uani.

Bucha alimfuata akiwa amezibeba chupa zote kwenye karai. Aliwasha moto chini ya pipa. Katika miaka yake ya bucha alijifunza kwamba mnyama mgonjwa hauzwi wala haachwi asimame akiteseka. Na kazi hiyo mwenye mnyama huifanya mwenyewe, hamtumi mtu. Maji yalipoanza kutoa mvuke alitumbukiza chupa ya kwanza, kisha nyingine, kisha nyingine. Ya mwisho ilikuwa mojawapo ya zile alizozitia mkewe mwenyewe. Bucha alikuwa ameiweka nyuma ya rafu bila kuifungua. Ndani nafaka zilikuwa zimegandamana kuwa bonge la kahawia, na utando ulikuwa umelala chini kama karatasi iliyolowa. Ilikuwa imekufa siku nyingi. Hilo nalo alilijua. Aliitikisa kidogo karibu na sikio, kisha akaitia ndani na zile nyingine, akafunika.

Alisimama akisubiri. Hakusubiri maji, maji yalikuwa yanachemka vizuri. Alijipapasa moyoni kama mtu anayejipapasa mifukoni mlangoni pake, akitafuta ufunguo ambao ana hakika alitoka nao. Haukuwepo. Kuni zilipungua, akaongeza.

Chupa zilipopoa alimwaga nafaka shimoni, akaziosha kwa brashi, akazipanga kichwachini juani. Ndipo alipoingia ndani, akafuta meza, akatoa karatasi na kalamu. Maabara ya mbegu ilikuwa ya watu wa kizamani. Hawakupokea oda kwa simu, wakisema masikio huongeza na kupunguza. Walitaka barua yenye sahihi ya mkulima waliyemwandikisha. Waliyemwandikisha alikuwa mkewe.

"Andika kwa jina lake tu," shemeji alisema, amesimama mlangoni anajifuta mikono. "Sahihi yake nitakuwekea mimi, tuliigana tangu utotoni. Wanamjua, watatuma mara moja. Ukianza kueleza mambo ya kufiwa, utaambiwa leta hiki, leta kile, mara msimamizi yuko likizo. Nesi atakungoja mpaka lini?"

Lilikuwa neno la busara. Bucha alianza hivyo. Mwanzo wa barua zile aliujua kwa moyo, maana mkewe alizisoma kwa sauti kabla ya kuzipeleka: *Mimi, mteja wenu wa siku nyingi...* Aliandika mpaka hapo. Aliona kifurushi kikija na jina la mkewe juu, kikipokewa pale mlangoni. Kisha kingine, msimu mwingine. Mahali fulani, katika ofisi asiyoijua, watu wasiomjua wangeendelea kumdhani yu hai, anaosha mikono mpaka kwenye kiwiko, na wala lisingekuwa kosa lao. Lilimpendeza jambo hilo. Lilimpendeza mno. Akaona kwamba ni chupa nyingine tena.

Aliikunja karatasi ile, akachukua mpya.

"Kwa Msimamizi wa Maabara ya Mbegu. Mke wangu, aliyekuwa akiagiza mbegu ya uyoga kwenu, amefariki. Naomba jina lake mliondoe na langu liandikwe mahali pake. Mbegu niliyokuwa nayo ilichoka kwa kosa langu mimi, nimeichemsha yote. Naomba mpya, kwa kiasi kilekile alichozoea. Kazi hii nimeifanya pamoja naye tangu mwanzo. Kama kuna cheti au shahidi mnayemtaka, semeni, nitaleta."

Lile neno katika mstari wa kwanza hakuwahi kulitamka. Watu walipouliza alisema hayupo, au alitikisa kichwa. Sasa lilikuwa limekaa pale, kwa wino, kwa mwandiko wake mnene. Alipogeuza karatasi aliona kwamba limetokeza upande wa pili. Alikuwa amekandamiza kalamu mpaka herufi zikatoboa. Mkono haukuwa umetetemeka. Alishangaa tu, kama mtu anayekuta michubuko mwilini asikumbuke alipojigonga.

Shemeji alisoma akiwa amesimama. Alimaliza, akarudia kusoma.

"Watakuchelewesha," alisema.

"Wanicheleweshe."

"Na nesi?"

"Nesi nampitia sasa hivi."

Alivaa shati lenye vifungo vyote. Kliniki walikuwa wanafagia. Nesi alikuwa anasukuma mizani ya watoto kurudi pembeni, na alipomwona mikono mitupu alisimama.

"Nimeshindwa," alisema Bucha. "Mbegu yote imekufa. Wapangie maharage. Nimeandika kuomba nyingine. Ikifika, uniongezee mwezi mmoja juu yake. Usimwambie yule mama wiki ijayo. Mwambie hakuna, mpaka atakapouona mwenyewe."

Nesi aliiachia mizani. "Afadhali," alisema. "Hilo naweza kumwambia." Kisha, kwa sauti yake ya siku zote, ya kuita watu kutoka mbali: "Na wewe nenda ukale kitu, mzee, umekuwa kama huo uyoga wako! Shingo tupu!"

Posta ilikuwa na foleni fupi. Karani alimpa stempu, akaitazama bahasha iliyokuwa bado wazi.

"Kuna cha kuongeza kabla hujafunga?"

Bucha aliitoa barua, akaisoma tena palepale kaunta, mdomo ukisogea bila sauti. Mtu wa nyuma yake alikohoa. Alisoma mpaka kwenye sahihi, yake mwenyewe, kisha akaikunja kwa mikunjo ileile.

"Hakuna," alisema.

Alilamba gundi, akabana ukingo kwa kidole gumba kutoka pembe hii mpaka pembe ile, akaipiga bahasha kwa kiganja, akaitumbukiza kwenye sanduku.